Dola 20 kwa Mgombea: Namna ya Kuchangia Kampeni Marekani na Kujua Fedha Zinakoishia

Mchango mdogo wa kampeni una nguvu yake, lakini njiani kuna wengi wanaoudokoa. Dola 20 zilizotolewa kwa kubonyeza kiungo kwenye simu zinaweza kulipia petroli ya vijana wanaobisha hodi kata kwa kata. Zinaweza pia kulipa kampuni ya meseji itafute watu wengine wa kuombwa dola 20. Anayeamua ni mtoaji mwenyewe, kwa mambo machache anayoyaangalia kabla ya kubonyeza na machache anayoyafuatilia baadaye. Mwongozo huu ni wa Waswahili na Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, na unahusu zaidi chaguzi za shirikisho, yaani urais, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Majimbo na miji ina sheria zake, na michache kati ya hiyo inampa mchangaji mdogo nafasi nzuri kuliko ile ya shirikisho.

Nani anaruhusiwa kutoa

Raia wa Marekani anaruhusiwa. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa pia, ingawa hapigi kura. Wengine wote wamekatazwa: mwenye viza ya masomo, mwenye viza ya kazi ya H-1B, mgeni aliyekuja kutembea, anayesubiri uamuzi wa hifadhi, na hata mkimbizi aliyepokelewa rasmi ambaye bado hajapata kadi ya kijani. Kwamba unafanya kazi na kulipa kodi hakubadilishi kitu. Katazo hilo linashika chaguzi za shirikisho, za jimbo na za mji. Asiyeruhusiwa kutoa fedha anaruhusiwa kujitolea bila malipo: kupiga simu, kugawa vipeperushi, kutafsiri kwenye mikutano. Ila asiingie katika maamuzi ya kampeni, hasa ya namna ya kutumia fedha.

Kuna wengine wawili ambao hujikuta kwenye kosa bila kujua. Wa kwanza ni mkalimani au mtoa huduma mwenye mkataba wa moja kwa moja na serikali ya shirikisho kwa jina lake mwenyewe. Mradi mkataba uko hai, haruhusiwi kuchangia mgombea wa shirikisho. Aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba kama huo hana kizuizi hicho. Wa pili ni mwenye biashara ndogo, ya malori au ya kutunza wazee, anayelipa kila kitu kwa kadi ya kampuni. Makampuni yaliyosajiliwa kama mashirika hayaruhusiwi kumchangia mgombea wa shirikisho, wala kanisa, msikiti au chama cha wanajumuiya kilichosajiliwa kama shirika. Tumia kadi yako binafsi, yenye jina lako.

Kosa letu kubwa: mchango wa kikundi

Sisi tumezoea kuchanga kwa pamoja. Msiba, harusi, ada ya mtoto: mnafungua kikundi cha WhatsApp, mweka hazina anapokea, orodha inapandishwa kila jioni, kisha jumla inatumwa kwa mkupuo. Mtindo huo ukihamishiwa kwenye kampeni za Marekani unageuka kuwa uvunjaji wa sheria. Watu 20 wakimtumia mama mmoja dola 25 kila mmoja kwa Zelle au Cash App, naye akalipa dola 500 kwa kadi yake, kumbukumbu zitaonyesha kwamba ametoa 500 zake mwenyewe. Kisheria huko ni kuchangia kwa jina la mtu mwingine. Haijalishi kwamba nia ilikuwa njema au kiasi kilikuwa kidogo. Kosa huwa zito zaidi ikiwa katika hao 20 yumo hata mmoja asiye raia wala mwenye kadi ya kijani, au shangazi aliyetuma kutoka Mombasa au Bukavu.

Namna iliyo salama ni kila mtu kutoa mwenyewe kwa jina lake. Mwandikie afisa wa kampeni, mwombe kiungo maalumu cha kikundi chenu. Kampeni nyingi hukitengeneza kwa dakika chache, na kila mchango unaopita hapo huhesabiwa kuwa umeletwa na nyinyi. Bado mnaweza kujivunia jumla yenu, na mgombea atajua ni jumuiya ipi iliyomsaidia. Orodha ya jioni endeleeni nayo, lakini iwe ya waliokwisha kutoa wenyewe, si ya fedha zilizopitia mfukoni mwa mtu.

Mzazi asitoe kwa jina la mtoto. Mtoto anaweza kuchangia ikiwa fedha ni zake kweli na ameamua mwenyewe. Aliyepewa fedha na baba yake ili azichangie hayumo katika ruhusa hiyo.

Viwango vya kukumbuka

Kwa mzunguko wa 2025–2026 mtu mmoja anaweza kumpa mgombea wa shirikisho hadi dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Mchujo unahesabiwa kuwa uchaguzi mmoja na uchaguzi mkuu mwingine, hivyo jumla ni 7,000. Mume ana kiwango chake na mke ana chake. Kamati za kisiasa za kawaida, zile PAC, zinapokea hadi dola 5,000 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja. Super PAC, yaani kamati zinazotumia fedha kivyake bila kumpa mgombea, hazina kikomo tangu hukumu za mahakama za mwaka 2010.

Fedha taslimu zisizidi dola 100 kwa mtu mmoja katika kampeni moja, na noti zisizo na jina la mtoaji zisizidi 50. Ukipitisha kofia au bakuli kwenye mkutano, simama penye mlango na fomu mkononi. Mchango wa kampeni hauondoi kitu kwenye kodi yako ya mapato ya shirikisho, kwa hiyo usiuweke pamoja na risiti za sadaka.

Kabla ya kubonyeza

Anza na jina la kamati inayopokea fedha, si sura ya mgombea. Picha ya mgombea na jina lake huweza kuwekwa kwenye ukurasa wa watu wasiohusiana naye hata kidogo. Shuka hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo yanayosema nani amelipia ukurasa huo. Chukua jina hilo ukalitafute kwenye fec.gov, tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. Kila kamati ina namba inayoanza na herufi C ikifuatwa na tarakimu 8. Mgombea naye ana namba yake, inayoanza na H akigombea Baraza la Wawakilishi, S akigombea Seneti, na P akigombea urais. Ukifungua ukurasa wa mgombea utaona kamati yake kuu ni ipi. Kama namba ya C haifanani na ya ukurasa ulioletewa, fedha zako zinakwenda kwingine.

Kwingine huko kunaweza kuwa halali. Kuna kamati za pamoja, ambapo mgombea, chama na PAC moja au mbili wanakusanya kwenye kapu moja na kugawana kwa utaratibu ulioandikwa katika maandishi madogo. Utaratibu huo unaeleza nani anachukua kwanza, na kwa kiwango gani. Usome, kwa sababu wagombea wa vyama vyote viwili hutumia kamati hizi, na wakati mwingine anayechukua kwanza siye uliyemkusudia. Aidha kuna PAC zinazotumia jina la mtu maarufu kukusanya, zikala karibu kila kitu kwa gharama za kukusanya. Namna ya kuzitambua imeelezwa hapo chini.

Mchango mwingi wa mtandaoni unapita katika milango miwili: ActBlue, iliyoanzishwa mwaka 2004, kwa upande wa Democratic, na WinRed, iliyoanza 2019, kwa upande wa Republican. ActBlue inakata asilimia 3.95. Kwa hiyo katika dola 20 zako, senti 79 zinabaki mlangoni na dola 19.21 zinafika kwa kamati. Makato ya WinRed yanakaribiana na hayo. Ukiandika hundi kwa jina kamili la kamati na kuituma kwa posta, makato hayo hayapo, lakini kampeni inamlipa mtu wa kufungua bahasha na kuingiza maelezo yako kwenye kompyuta. Kwa dola 20 tofauti ni ndogo. Kwa dola 1,000 hundi ina maana.

Kwenye ukurasa wa malipo kagua vitu vitatu. Kwanza, kisanduku cha kurudia mchango kila mwezi au kila wiki. Mwaka 2020 kampeni ya Donald Trump iliweka visanduku vya aina hiyo vikiwa vimeshatiwa tiki, na wengi walikuja kugundua kwenye taarifa za benki kwamba walikuwa wakikatwa tena na tena. Fedha zilizorudishwa kwa wachangaji zilizidi dola milioni 100. Mei 2021 makamishna wote wa FEC, wa vyama vyote viwili, walipendekeza Bunge lipige marufuku tiki za namna hiyo. Pendekezo bado ni pendekezo, kwa hiyo iondoe tiki kwa kidole chako. Pili, angalia kama mchango unagawanywa kwa wagombea au makundi kadhaa. Orodha huwa imefunguliwa chini ya kiasi. Tatu, kuna mahali pa kuongeza bakshishi kwa mlango wenyewe. Ni hiari.

Utaulizwa kazi yako na mwajiri wako. Jibu kwa ukweli. Kampeni inalazimika kujitahidi kupata maelezo hayo kwa kila anayezidisha dola 200, na ukiacha wazi watakuandikia barua. Namba ya simu, kama si ya lazima, iache tupu. Barua pepe tumia ile unayoitenga kwa matangazo. Kampeni inaruhusiwa kukodisha na kubadilishana orodha ya wachangaji wake, na ndiyo maana aliyempa mgombea mmoja wa Ohio anaanza kupokea meseji za wagombea wa Arizona. Kwa meseji, jibu la STOP hukuondoa kwa mtumaji huyo tu, si kwa wote waliokwisha kuipata namba.

Meseji za haraka

Tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba simu hujaa. Utaambiwa usiku huu ndio mwisho. Kinachoisha usiku huo ni kipindi cha taarifa: kampeni inataka jumla nzuri ya kuwaonyesha waandishi na wafadhili wakubwa. Dola inayoingia kesho yake inanunua kilekile.

Utaambiwa pia kwamba mchango wako utazidishwa mara tano. Katika uchaguzi wa shirikisho hakuna mfadhili mwenye ruhusa ya kufanya hivyo, kwa kuwa yeye naye anafungwa na zile 3,500. Aliye huru kutia fedha bila kikomo kwenye kamati ya mgombea ni mgombea mwenyewe, na akitia utaziona kwenye taarifa zake. Meseji isiyosema nani anazidisha na kwa kanuni gani, ifute.

Kuna mahali ambapo kuzidishwa ni kweli. Katika Jiji la New York, mfuko wa umma unazidisha mara 8 michango midogo ya wakazi wa jiji kwa wagombea waliojiunga na mpango huo. Kwa nafasi ya umeya zinazidishwa dola 250 za mwanzo, kwa hiyo mkazi akitoa 250 jiji linaongeza 2,000. Ili mgombea wa umeya afuzu, lazima kwanza apate wachangaji 1,000 wa jiji na dola 250,000 zinazostahili kuzidishwa. Anayechukua fedha hizo anakubali ukomo wa matumizi. Machi 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa akigombea umeya huo, aliwaomba wafuasi wake wasimtumie tena fedha kwa ajili ya mchujo, maana pamoja na fedha za umma kampeni ilikuwa inafikia ukomo wa karibu dola milioni 8. Akawataka watoe muda wao wa kubisha hodi. Seattle nako, tangu uchaguzi wa 2017, mkazi anapewa vocha nne za dola 25 kila moja ampe mgombea wa mji amtakaye, na mwenye kadi ya kijani anaweza kuziomba. Ukiishi katika mojawapo ya miji hiyo, anzia hapo kabla ya kufikiria Seneti ya jimbo la mbali.

Hafla ya nyumbani

Hili ndilo jambo linalotufaa kuliko yote, na watu wengi hawalijui. Sheria inamruhusu mtu anayejitolea kutumia hadi dola 1,000 kwa mgombea mmoja kwa uchaguzi mmoja, kwa chakula, vinywaji na mialiko ya hafla nyumbani kwake, bila gharama hiyo kuhesabiwa kama mchango. Mume na mke kila mmoja ana elfu yake. Pilau, sambusa, chai ya tangawizi na viti vilivyopangwa sebuleni vinaweza kuleta fedha nyingi kuliko barua pepe mia, kwa sababu watu hutoa wanapoombwa na mtu wanayemjua, uso kwa uso.

Wasiliana na kampeni wiki tatu au nne kabla. Waombe vitu vinne: kiungo cha hafla, kadi za wachangaji, maneno rasmi ya kuweka kwenye mwaliko, na mfanyakazi mmoja wa kuwepo. Kadi inakuwa na jina, anwani, kazi, mwajiri, na mahali pa kutia saini kuthibitisha kwamba mtoaji ni raia au ana kadi ya kijani na kwamba fedha ni zake. Hundi zote ziandikwe kwa jina la kamati, kamwe zisiandikwe kwa jina la mgombea wala la mwenye nyumba, na zikabidhiwe kwa mfanyakazi wa kampeni jioni ileile. Usilale nazo. Mweka hazina wa kampeni anatakiwa kuziweka benki ndani ya siku 10 tangu zipokewe.

Kwenye mwaliko sema wazi kwamba wasio raia wala wenye kadi ya kijani wanakaribishwa kusikiliza na kujitolea, ila hawatatoa fedha wala kununua chakula cha hafla. Likisemwa mapema halimwaibishi mtu. Likisemwa mlangoni, mgeni wako anatahayari mbele ya wenzake. Na ombi litamkwe na mwenye nyumba, kwa kiasi kinachotajwa: "tunaomba dola 30 kila mmoja, mwenye zaidi asijizuie." Ukisema "chochote ulicho nacho" watu watatoa tano.

Kusoma taarifa za fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari liko wazi kwa kila mtu. Wagombea wa Baraza na Seneti hupeleka Fomu 3, wa urais Fomu 3P, PAC na vyama Fomu 3X. Wagombea wa Baraza na Seneti hutoa taarifa kila robo mwaka, mwisho ukiwa 15 Aprili, 15 Julai, 15 Oktoba na 31 Januari. Katika mwaka wa uchaguzi kuna nyingine siku 12 kabla ya kura, na nyingine siku 30 baada ya uchaguzi mkuu. Kwa hiyo, kwa kawaida, dola uliyotoa tarehe 2 Julai hutaiona kwenye taarifa hadi Oktoba.

Fungua ukurasa wa muhtasari wa Fomu 3. Mstari wa 8 unaonyesha fedha zilizobaki mkononi mwisho wa kipindi, wa 10 madeni. Toa madeni kwenye salio ndipo useme kampeni ina fedha. Hata hivyo salio linadanganya kabla ya mchujo, kwa kuwa ndani yake huwamo michango mikubwa iliyotolewa kwa ajili ya uchaguzi mkuu. Mgombea akishindwa mchujo lazima airudishe au apate idhini ya wenyewe. Mstari wa 11(a) umegawanywa: michango yenye majina, kisha ile midogo isiyoorodheshwa kwa majina, yaani ya watu ambao hawajazidi dola 200. Ukigawa ile midogo kwa jumla ya michango ya watu binafsi, unapata picha ya nani anambeba mgombea. Lakini michango midogo iliyopita ActBlue na WinRed inaorodheshwa kwa majina kwenye taarifa za milango hiyo, hata ya dola 5. Mambo mawili yanafuata. Usijumlishe taarifa ya mlango na ya mgombea, utahesabu mara mbili. Na jina lako, mji, kazi na mwajiri wako vitaonekana hadharani. Kama kwako hilo ni tatizo, hundi ndogo ya posta ndiyo njia iliyobaki. Sheria inakataza kutumia majina ya kwenye taarifa hizo kuomba fedha au kuuza bidhaa, na kamati zinaruhusiwa kupenyeza hadi majina 10 ya uongo ili kumnasa anayeiba orodha.

Matumizi ya kampeni yanapatikana kwenye Jedwali B (Schedule B). Kila anayelipwa zaidi ya dola 200 anaandikwa jina, tarehe, kiasi na sababu. Panga kuanzia malipo makubwa. Kampeni inayofanya kazi utaiona: mishahara inayojirudia kila nusu mwezi, kodi ya ofisi, ada ya kutumia daftari la wapiga kura, uchapishaji, posta, matangazo, utafiti wa maoni. Kampeni inayozunguka palepale nayo utaiona: kampuni moja ya "ushauri wa kidijitali" inachukua sehemu kubwa kila robo, huku mishahara ya watu wa uwanjani ikiwa haipo. Mistari yenye alama ya kumbukumbu (memo) isihesabiwe kwenye jumla. Inafafanua malipo mengine, mara nyingi ya kadi ya benki.

Penye giza ni kwenye kampuni za kati. Kampeni kubwa humlipa wakala mmoja mamilioni, naye hununua muda wa televisheni, hulipa watengenezaji, na hubakiza kamisheni. Kwa desturi kamisheni ya kununua matangazo ilikuwa asilimia 15, ingawa kampeni kubwa hupatana chini ya hapo. Taarifa inaonyesha wakala tu, haionyeshi waliolipwa naye.

Kwa PAC, fungua Fomu 3X. Angalia mistari minne: 21 gharama za uendeshaji, 23 michango kwa wagombea na kamati nyingine, 24 matumizi huru ya kumpigia debe au kumpinga mgombea, na 31 jumla ya matumizi. Jumlisha 23 na 24, gawa kwa 31. PAC inayojitangaza kwamba inapigania mgombea fulani, kisha mistari 23 na 24 ikawa tone na 21 ikawa bahari, na Jedwali B likawa limejaa wapiga simu na watuma meseji, isipewe hata senti. Angalia miaka miwili, maana PAC changa hutumia sana mwanzoni kujenga orodha.

Dola hiyo inanunua nini

Dola iliyotolewa moja kwa moja kwa kamati ya mgombea ina faida ambayo ya Super PAC haina. Katika siku 45 kabla ya mchujo na 60 kabla ya uchaguzi mkuu, vituo vya televisheni na redio vinalazimika kumtoza mgombea bei ya chini kabisa inayotozwa kwa muda wa aina hiyo. Super PAC inalipa bei ya soko, na soko la Oktoba kwenye jimbo lenye ushindani ni kali. Muda uleule wa hewani unamgharimu mtu wa nje zaidi, mara nyingi zaidi sana.

Wakati wa kutoa una uzito wake pia. Fedha za mapema huajiri waratibu, hufungua ofisi, huandikisha wapiga kura. Za wiki ya mwisho haziwezi kuajiri mtu na kumfundisha kazi. Huenda kwenye matangazo ya televisheni ambayo mtazamaji ameshayaona mara nyingi. Chaguzi za Seneti za 2020 zilionyesha hili bila huruma. Jaime Harrison wa South Carolina alikusanya dola milioni 57 katika robo moja ya mwaka, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea kwa mgombea wa Seneti, akashindwa kwa takriban pointi 10. Amy McGrath wa Kentucky alikusanya zaidi ya milioni 90 na kushindwa kwa karibu pointi 20. Sara Gideon wa Maine alimaliza kampeni akiwa na karibu milioni 15 ambazo hazikutumika. Wachangaji wadogo wa nchi nzima walimimina fedha kwa hasira dhidi ya mpinzani, huku wagombea wa mabunge ya majimbo, ambao dola elfu kadhaa zingewajengea kampeni nzima, wakikosa.

Kwa hiyo, kama una dola 100 kwa mwaka mzima, usizitupe Oktoba kwa jina lililo kwenye habari. Mpe mgombea wa wilaya yako au wa bunge la jimbo lako mapema, wakati wa mchujo, ambako wapiga kura ni wachache na mgombea bado anajibu simu mwenyewe.

Wengi huuliza kama mgombea anaweza kula fedha hizo. Matumizi binafsi yamekatazwa: kodi ya nyumba yake, nguo, ada ya shule ya watoto, likizo. Vinavyoruhusiwa ni gharama za kulea watoto zinazosababishwa na kampeni, na tangu Machi 2024 mshahara wa mgombea usiozidi nusu ya mshahara wa chini wa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, au wastani wa kipato chake cha miaka mitano, kilicho kidogo kati ya hivyo. Usishtuke ukiuona kwenye Jedwali B. Ndio unaomwezesha muuguzi au dereva kugombea bila kuuza nyumba. Ndugu wa mgombea anaweza kulipwa pia, mradi kazi ni ya kweli na malipo ni ya bei ya soko.

Baada ya uchaguzi

Usitoe kwa mshindi anayeomba "kufunga madeni" kabla hujaangalia Jedwali C, linaloonyesha mikopo. Mgombea anaweza kuikopesha kampeni yake mwenyewe, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa ukomo wa dola 250,000 uliokuwa umewekwa kwa kiasi cha mkopo kinachoweza kulipwa kwa michango inayopokewa baada ya uchaguzi. Maana yake, mchango wako wa Desemba unaweza kwenda moja kwa moja mfukoni mwa mtu aliyekwisha kushinda. Fedha zilizobaki anaweza kuzihamishia kwenye chama bila kikomo, kuzitoa kwa hisani, kuziweka kwa uchaguzi ujao, au kuwarudishia wachangaji.

Ukigundua umekatwa mara mbili, umekosea kamati, au hadhi yako ya uhamiaji haikukuruhusu, andika mara moja. Tafuta barua pepe ya risiti, ina kiungo cha kuhariri au kusitisha mchango wa kurudia. Sitisha kwanza, ndipo uombe kurejeshewa. Mwandikie mlango uliotumia pamoja na mweka hazina wa kamati, ambaye jina na anwani yake viko kwenye Fomu 1. Taja tarehe, kiasi, na namba ya muamala. Kama sababu ni kwamba hukuruhusiwa kuchangia, liseme hilo waziwazi: kamati ikishagundua kwamba mchango umekatazwa ina siku 30 za kuurudisha. Kwa ulioipita 3,500 ina siku 60 za kuurudisha au kupata saini yako kuuhamishia kwenye uchaguzi mwingine. Hifadhi risiti na majibu yao, na angalia taarifa ya robo inayofuata. Marejesho ya mchango uliokuwa umeorodheshwa kwa jina huandikwa kwenye Jedwali B.